Kwa Nini Kiwanda cha Mvinyo Kihangaike na Mazingira?

Muulize mwanafunzi yeyote wa biashara kwa nini kampuni huanza kutunza mazingira, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: wateja wanataka. Jibu hilo limo kwenye slaidi, limo kwenye mitihani ya miaka iliyopita, na ukiliandika unapata maksi zako. Shida inaanza ukilipeleka kwenye sekta ambayo watafiti wameichunguza sana kwa swali hilihili, yaani sekta ya mvinyo. Huko jibu letu halianguki kabisa, ila linaonekana dogo kuliko tulivyofundishwa.

Ndugu zangu msiogusa kilevi, msifunge ukurasa. Hapa hatuonji kitu. Nimechagua mvinyo kwa sababu ni bidhaa ambayo unaweza kuifuata kutoka kwenye udongo hadi kwenye meza ya mnunuzi na kuona, hatua kwa hatua, nani anamsukuma nani. Na nimeuchagua kwa sababu Dodoma inalima zabibu, ina viwanda vya mvinyo, na ina maelfu ya wanafunzi wanaoishi kwenye mji uliojengwa juu ya ukame. Nitafika Dodoma. Kwanza tuone kiwanda kinachafua nini, maana watu wengi wanadhani hakichafui kitu.

Kinachobaki baada ya kukamua

Zabibu zikikamuliwa, kama moja ya tano ya uzito wake hubaki kuwa machicha: maganda, mbegu na nyuzi za nyama ya tunda. Halafu kuna vikonyo, na kuna mashapo yanayotuama chini ya tangi baada ya hamira kumaliza kazi yake ya kugeuza sukari kuwa kilevi. Haya yote ni mali ya shambani na yanaweza kurudi shambani. Yakirundikwa nyuma ya kiwanda bila mpango, mvua inayapitia, na maji yanayochuruzika hapo ni makali, yana tindikali na yananuka.

Ila uchafu mkubwa ni maji. Kiwanda cha mvinyo kinatumia lita kadhaa za maji kwa kila lita ya mvinyo, na karibu yote ni ya kuosha: matangi, mapipa, mashine ya kukamulia, mabomba, sakafu. Kazi hiyo imebanwa kwenye wiki chache za mavuno, kwa hiyo uchafu wa mwaka mzima unatoka kwa pamoja. Maji hayo yana sukari, kilevi na tindikali, vitu ambavyo kwetu ni chakula na kwa bakteria pia ni chakula. Yakiingia mtoni, bakteria wanashangilia, wanazaliana na kumaliza oksijeni iliyokuwa ya samaki. Ndiyo maana wataalamu hupima maji taka ya namna hii kwa kuuliza yanahitaji oksijeni kiasi gani ili uchafu wake uvunjike. Maji taka ya majumbani yanahitaji miligramu mia kadhaa kwa lita. Ya kiwanda cha mvinyo wakati wa mavuno huhesabiwa kwa maelfu.

Ongeza magadi makali yanayotumika kusafishia matangi. Yana sodiamu, na sodiamu ikimwagwa kwenye udongo wa mfinyanzi miaka na miaka inauvuruga, udongo unaziba na maji hayapenyi tena. Kuna viwanda vilivyohamia kwenye sabuni za potasiamu kwa sababu hiyo tu, maana maji yaleyale ndiyo wanayomwagilia mizabibu yao.

Umeme nao unaliwa zaidi na baridi. Hamira ikifanya kazi inatoa joto, na joto likizidi mvinyo unaharibika, kwa hiyo matangi yanapozwa usiku na mchana. Na mwisho kuna chupa. Ukihesabu hewa ukaa ya chupa moja ya mvinyo tangu shambani hadi dukani, kioo chenyewe mara nyingi ndicho kinachobeba fungu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Nitalirudia hilo la kioo, lina kichekesho ndani yake.

Fagio ni nafuu kuliko mtambo

Sasa swali lenyewe. Mwenye kiwanda anapoona hayo, nini kinamfanya abadilike?

Chukua Afrika Kusini, kwenye jimbo la Cape Magharibi ambako mvinyo mwingi wa nchi ile unatoka. Chini ya Sheria ya Maji ya 1998 kuna kibali cha jumla kinachomruhusu mwenye kiwanda kumwagilia maji taka yake kwenye ardhi bila kuomba leseni ya peke yake, lakini kwa ngazi. Anayemwaga hadi mita za ujazo 50 kwa siku anaruhusiwa uchafu usiozidi miligramu 5,000 za hiyo oksijeni kwa lita. Anayemwaga hadi 500 lazima ashuke hadi miligramu 400. Anayekwenda hadi 2,000 hatakiwi kuzidi 75.

Zisome namba hizo kama mhasibu. Kiwanda kinachomwaga mita 60 kwa siku kimevuka ngazi ya kwanza kwa mita 10 tu, lakini kwa mita hizo 10 kinatakiwa kusafisha maji yake zaidi ya mara kumi. Mtambo wa kusafisha maji kiasi hicho ni hela ndefu, na unahitaji fundi wa kuuangalia kila siku. Kwa upande mwingine, mita 10 unaweza kuziokoa kwa fagio. Sitanii. Ukikusanya maganda yaliyomwagika sakafuni kwa fagio na koleo kabla ya kufungua bomba, unapunguza maji na unapunguza uchafu ulioyeyuka ndani yake, vyote kwa mkupuo mmoja. Weka na mdomo wa bomba unaojifunga mfanyakazi akiuachia, na ngazi ya kwanza umeirudia.

Hapa kuna somo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Mwaka 1995 Michael Porter na Claas van der Linde walidai kwamba sheria ya mazingira ikitungwa vizuri inaweza kumfanya mwenye kiwanda agundue hasara aliyokuwa akiilea bila kujua. Wachumi wengi waliguna: kama hela ilikuwa imelala sakafuni, kwa nini asiiokote mwenyewe? Swali zuri. Jibu la kiwandani ni kwamba wakati wa mavuno kila mtu ana haraka, zabibu zinaharibika kwenye makreti, na hakuna anayesimama kuhesabu maji. Anayemfanya ahesabu ni sheria inayosema kuna tofauti kati ya mita 49 na mita 51.

Halafu sheria ikiungwa mkono na mbingu, mambo yanakwenda mbio. Ukame wa Cape wa 2015 hadi 2018 wengi wetu tunaukumbuka kwa lile jina la Siku Sifuri, siku ambayo mabomba ya Cape Town yangekauka. Mwanzoni mwa 2018 wakaazi wa mji walikatiwa 45% ya maji yao. Kilimo kilichotegemea mabwawa hayohayo kilikatiwa 60%. Mavuno ya zabibu za mvinyo nchini mwaka huo yalishuka kwa karibu 15%. Mkulima aliyekuwa ameshaweka umwagiliaji wa matone, aliyefunika udongo kwa majani makavu, aliyekuwa amekata ile mikaratusi na migunga ya kigeni inayokunywa maji kando ya vijito, alikuwa na cha kuvuna. Hakufanya hayo kwa ajili ya mteja wa London. Aliyafanya kwa sababu shamba la mizabibu halihamishiki.

Hilo la kutohamishika ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Kiwanda cha nguo mshahara ukipanda kinafungasha na kuhamia nchi nyingine. Mzabibu unachukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa vizuri na unaweza kuzaa kwa miaka thelathini au zaidi, na kwenye biashara hii ladha ya mahali ndiyo bidhaa yenyewe. Jina la bonde limeandikwa kwenye chupa. Ukiliua bonde, unauza nini?

Lebo ya kijani na bei iliyoshuka

Turudi sasa kwa mteja, maana haki yake asidhulumiwe. Magali Delmas na Laura Grant, watafiti wa California, walichukua takwimu za mvinyo wa jimbo hilo na kulinganisha bei. Baadhi ya mvinyo ulitoka kwenye zabibu zenye cheti cha kilimo hai na lebo ilisema hivyo. Mwingine ulikuwa na cheti kilekile lakini mwenye kiwanda hakukiandika kwenye chupa. Mwingine haukuwa na cheti kabisa. Matokeo yao yanastahili kusomwa mara mbili: kupata cheti kuliendana na bei kupanda kwa 13%, lakini kuiandika habari hiyo kwenye lebo kuliendana na bei kushuka kwa 20%.

Yaani ukifanya jambo jema na ukanyamaza, unalipwa. Ukilitangaza, unakatwa.

Maelezo yao yana mantiki. Kilimo bila kemikali kinamlazimisha mkulima atembelee mizabibu yake kila mara, apogoe vizuri, aangalie majani, na hiyo inazaa zabibu bora. Wanunuzi wa jumla na waonjaji wa magazeti wanaliona hilo kwenye glasi, na wanalipa. Mwaka 2016 Delmas na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine wa mvinyo zaidi ya 74,000 wa California, wakakuta kwamba wenye cheti ulipewa na waonjaji wastani wa alama 4.1 zaidi katika mia. Kwa hiyo ubora upo. Kinachoharibu ni lebo, na sababu iko kwenye sheria ya Marekani inayotofautisha vitu viwili ambavyo mteja wa kawaida hawezi kuvitofautisha. Kuna mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za kilimo hai, na kuna mvinyo wa kilimo hai. Huu wa pili haruhusiwi mtu kuuongezea salfaiti, ile dawa inayouzuia usigeuke siki, na kwa muda mrefu ulisifika kwa kuharibika haraka. Mteja akiona neno la kijani kwenye chupa yoyote, anakumbuka ile aliyowahi kuimwaga kwenye sinki. Ulaya ilichukua njia nyingine: kanuni yake ya 2012 inaruhusu salfaiti kwa kiasi kidogo kwenye mvinyo wa kilimo hai.

Sasa hesabu: kama kijani kwenye lebo kilikuwa kinashusha bei, na bado kulikuwa na viwanda vinavyochukua cheti na kukificha, basi “wateja wanataka” haiwezi kuwa maelezo ya viwanda hivyo. Kitu kingine kilikuwa kinawasukuma.

Na hapa ndipo kichekesho cha chupa kinapoingia. Kila mtu kwenye sekta anajua kwamba chupa nzito ni gharama ya mazingira, na kwamba uzito wake hauongezi kitu kwenye mvinyo. Lakini mnunuzi akiinyanyua chupa nzito anahisi ameshika kitu cha thamani, kwa hiyo miaka yote viwanda vilizidi kunenepesha kioo. Anayebadilisha hilo leo si mnywaji. Ni wanunuzi wakubwa, hasa mashirika ya serikali ya nchi za Skandinavia yenye ukiritimba wa kuuza vileo. Systembolaget ya Uswidi ilipoanza kuhesabu kama chupa nyepesi ile isiyozidi gramu 420, na kuzipa nafasi chupa kama hizo kwenye manunuzi yake, wazalishaji wa mabara yote walianza kupiga simu kwa watengenezaji wa vioo. Mnunuzi mmoja mwenye mlango mmoja wa nchi nzima ana sauti kuliko wanywaji milioni wanaopita dukani kila mmoja na lake.

Kwa hiyo tukisema mteja, tuulize ni mteja gani.

Wanachosema wenyewe

Mwaka 2000 Pratima Bansal na Kendall Roth walichapisha utafiti wa kampuni 53 za Uingereza na Japani, na mpaka leo ndio unaotajwa zaidi ukifika kwenye mada hii. Walikuta misukumo mitatu: kushindana sokoni, kukubalika mbele ya sheria na jamii, na kuona kwamba ni wajibu tu. Ni mgawanyo mzuri wa kuanzia, na kwa asaimenti unatosha. Kwenye mvinyo mambo yanaungana zaidi.

New Zealand ndiyo mfano mzuri. Mpango wao wa kilimo endelevu cha mizabibu ulianza katikati ya miaka ya 1990, na leo zaidi ya 90% ya eneo la mizabibu nchini humo lina cheti chake. Watafiti waliowahoji wenye viwanda huko, kazi yao ikachapishwa 2009, walikuta kwamba sababu iliyotajwa kwa uzito mkubwa ilikuwa maadili ya mmiliki mwenyewe na jinsi anavyoipenda kazi yake. Ubora wa bidhaa na matakwa ya mteja vilikuja baada ya hapo.

Mimi nayasoma majibu hayo kwa mashaka kidogo. Ukimuuliza mwanafunzi kwa nini anahudhuria lekcha ya saa moja asubuhi, hatakwambia ni kwa sababu ya karatasi ya mahudhurio. Na New Zealand karatasi ya mahudhurio ipo: kuanzia mavuno ya 2010, chama chao cha wazalishaji kiliamua kwamba mvinyo usio na cheti cha uendelevu hauingii kwenye mashindano wala maonyesho yake. Nchi ndogo, iliyo mbali na kila soko, inayouza jina lake la usafi. Mmoja akikutwa ameumwagia mto machicha, wote wanachafuka. Kwa hiyo walindane, na walinzi ni wao kwa wao.

Lakini nisiyadharau maadili kabisa. Viwanda vingi vya mvinyo ni vya familia, na mwenye kiwanda anaishi palepale shambani. Maji anayoyachafua ndiyo anayoyanywa, na dawa anayopulizia inaingia dirishani kwa mtoto wake. Miguel Torres wa Hispania, ambaye familia yake inalima mizabibu tangu karne ya 19, alianzisha mwaka 2008 mpango wa kupunguza hewa ukaa kwa 30% kwa kila chupa ifikapo 2020, na mwaka 2019 kampuni yake ikaungana na Jackson Family Wines ya California kuanzisha umoja wa viwanda vya mvinyo kwa ajili ya tabianchi. Joto likipanda, zabibu zinaiva mapema, sukari inazidi na tindikali inapungua. Mtu wa hivyo hutamtenganisha wajibu wake na maslahi yake hata ukitumia wembe.

Cape pia walikuwa na mlinzi wao. Eneo lile lina aina takriban 9,000 za mimea, na karibu theluthi mbili yake haipatikani kwingine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mizabibu ilikuwa ikipanuka juu ya vichaka hivyo, na soko la nje lilikuwa ndio limefunguka tena baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Hakuna aliyetaka kusikia mvinyo wake ukitajwa Ulaya kama unaoua maua ya dunia. Mwaka 2004, ambao pia ni mwaka eneo hilo liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia, wakulima na watunza mazingira walianzisha mpango wa pamoja wa kutenga ardhi ya asili ndani ya mashamba. Kuanzia mavuno ya 2010 ukaja muhuri wa shingoni mwa chupa wenye namba ambayo mnunuzi anaweza kuifuatilia. Woga wa aibu ulifanya kazi nzuri.

Dodoma: msukumo upi unafika?

Sasa tushuke nyumbani, na tuchukue misukumo hiyo yote mfukoni.

Dodoma inapata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, yote kwa msimu mmoja. Mizabibu inaipenda hali hiyo kuliko mahindi, na joto letu linaruhusu mavuno mawili kwa mwaka, kitu ambacho mkulima wa Ufaransa hawezi kukiota. Lakini mavuno ya pili yanaiva wakati wa kiangazi, na kiangazi ni maji ya kumwagilia. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, lenye kituo cha utafiti wa zabibu na mashamba ya mizabibu, ndilo lenye visima vya Mzakwe vilivyounywesha mji wa Dodoma kwa miongo mingi.

Visima hivyo vina historia ya kisayansi ambayo ingefaa kila mwanafunzi wa Dodoma aijue. Vina kumbukumbu ya vipimo vya miaka 55, jambo la nadra sana katika Afrika ya tropiki. Watafiti, Watanzania wakiwemo, waliichambua na kuichapisha 2013, na walichokikuta ni hiki: maji ya chini ya ardhi pale hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Yanashuka miaka kadhaa mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño ya 1997 na 1998, na kina kinapanda kwa kishindo. Baada ya hapo kinaanza tena kushuka. Ni kama boom linaloingia bila tarehe. Ukilitumia kana kwamba lingine litaingia mwezi ujao, utajua hujui.

Mji umekuwa makao makuu kwa vitendo na watu wanaongezeka. Kila anayechota pale, awe mkulima, kiwanda au hosteli, anachota kutoka kwenye boom hilohilo.

Kwa hiyo ni msukumo upi kati ya ile tuliyoiona unaweza kumfikia mwenye kiwanda cha mvinyo hapa? Yule mnunuzi mkubwa wa Skandinavia hatupi presha, kwa sababu mvinyo wetu mwingi unanywewa hapahapa nchini. Mteja wa baa ya Area C hajawahi kuuliza uzito wa chupa. Lile la mmiliki anayelala shambani nalo linalegea, kwa sababu sehemu kubwa ya zabibu inatoka kwa wakulima wadogo. Kiwanda kinanunua tunda, udongo unabaki kuwa shida ya mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine kwa miaka mingi amelalamika kwamba zabibu zake zinakosa mnunuzi na kuozea shambani. Mkulima asiyejua kama mwakani atauza hana sababu ya kuwekeza kwenye mipira ya matone itakayolipa baada ya miaka mitano. Hana sababu pia ya kupunguza dawa, kwa sababu ubwiri unga ukimpiga msimu mmoja hakuna atakayemfidia. Kwa maoni yangu mkataba wa kununua wa miaka mitatu ungetunza maji ya Makutupora kuliko semina kumi za uhamasishaji, na ndani ya mkataba huohuo kiwanda kingeweza kuandika masharti ya dawa na maji.

Kinachobaki ni gharama na sheria. Umeme wa kupoza unauma hapa kama unavyouma kwingine, na jua la Dodoma linawaka saa zilezile matangi yanapohitaji baridi zaidi, kwa hiyo sola haihitaji mahubiri, inahitaji mkopo wa riba nafuu. Machicha yakichanganywa na samadi na kuachwa yaoze vizuri ni mboji, na udongo wetu wa kichanga una njaa ya mboji. Kiwanda kingeweza kuyarudisha kwa lori lilelile lililoleta zabibu badala ya lori kurudi tupu.

Upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kuchota maji na kibali cha kutiririsha maji taka. Ninachokitamani ni zile ngazi za Afrika Kusini: kanuni inayomwambia mwenye kiwanda waziwazi kwamba ukipunguza maji hadi hapa, masharti yako yanapungua hadi hapa. Katazo tupu humfundisha mtu kujificha. Ngazi humfundisha kununua fagio. Na serikali yetu tayari inajua kuisukuma sekta hii kwa namba, kwa sababu mvinyo unaotumia zabibu za ndani zaidi ya 75% unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko mvinyo mwingine. Ushuru huo ulitungwa kwa ajili ya soko la mkulima. Ngazi moja zaidi kwa ajili ya maji haitahitaji mfumo mpya.

Kwa wale mnaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu, hapa pana kazi, ila tafadhali msiende na hojaji ya kumtaka meneja achague namba kati ya 1 na 5 kuonyesha anavyoyajali mazingira. Atachagua 5, mtachora grafu, na sote tutabaki pale tulipokuwa. Mwombeni ankara za maji na umeme za miezi kumi na mbili, mzipange kando ya tarehe za mavuno yote mawili. Mwombeni kibali cha kutiririsha na tarehe ya mwisho maji yake kupimwa. Muulizeni machicha ya msimu uliopita yalikwenda wapi, na nani alilipia lori. Kisha nendeni kwa mkulima aliyemuuzia zabibu, mkae naye chini ya mti, mumuulize kama ana karatasi yoyote inayosema mwakani zitanunuliwa.